Rabi Stone na deni la marehemu

Katika hadithi za upelelezi tulizozoea, mpelelezi huwa mtu wa nje. Huitwa baada ya maiti kupatikana, hamjui marehemu, hana ugomvi naye wala mapenzi, na ndiyo maana anaweza kuwahoji wafiwa mmoja baada ya mwingine bila sauti yake kutetemeka. Mchezo wa kompyuta uitwao The Shivah, ambao Dave Gilbert wa New York aliutoa mwaka 2006, umeupindua utaratibu huo. Mpelelezi wake ni Rabi Russell Stone, kiongozi wa sinagogi maskini, yaani nyumba ya ibada ya Wayahudi, katika jiji hilo, na aliyeuawa ni Jack Lauder, mtu aliyewahi kuwa muumini wake, wakagombana, wakaachana kwa ubaya, wasipatane tena hadi mauti yalipoingia kati. Polisi wanafika kwa rabi kwa sababu Lauder amemwachia fedha nyingi katika wasia wake, na Stone anaushangaa wasia huo kuliko polisi wenyewe. Mtu uliyemfungia mlango wa nyumba ya ibada anakukumbukaje siku anapogawa mali yake?

Niliucheza hapa Tanga, nyumbani Chumbageni, kwenye laptopu kuukuu ya mpwa wangu ambayo magemu ya kisasa yalishaikataa zamani. Mchezo huu umejengwa kwa programu ya Adventure Game Studio, picha zake ni za vidoto vikubwa kama zile za michezo ya miaka ya 1990, na hauhitaji mashine yenye nguvu. Gilbert aliuandika kwanza kwa ajili ya shindano la mwezi la watumiaji wa programu hiyo, kisha akaupanua, akautilia sauti za waigizaji na kuuza. Kampuni yake ya Wadjet Eye Games ilianzia hapo. Mwaka 2013 aliutoa upya ukiwa na picha na muziki ulioboreshwa, kwa jina la Kosher Edition. Ni mchezo mfupi, ambao mtu anaweza kuuanza baada ya sala ya Isha na kuumaliza kabla macho hayajalemewa, ingawa kuumaliza na kumalizana nao ni mambo mawili.

Najua kwamba hapa kwetu Wayahudi wakitajwa, fikra za wengi hukimbilia taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mchezo huu hauna lolote kuhusu mambo hayo. Unahusu dini na mtu mmoja aliyeishika, akaifanya fimbo, na sasa anajiuliza kama bado anayo imani au amebaki na fimbo peke yake.

Mtindo wake ni ule ambao wahakiki wa Kifaransa waliuita noir mwaka 1946, pale filamu za Marekani, zilizokuwa zimezuiwa wakati wa vita, ziliporudi kwenye kumbi za Paris na kuonekana zimejaa giza, mvua, tamaa na watu waliochoka. Shujaa wa filamu hizo haamini tena kitu, na ukweli anaoupata mwishoni haumponyi mtu. Kumvika rabi koti hilo ni wazo la ujasiri, kwa sababu kukata tamaa kwa mpelelezi wa kawaida ni tabia tu, lakini kiongozi wa dini akikata tamaa, tayari ni kesi. Stone anahubiri mbele ya viti vitupu. Hana fedha za kuendesha sinagogi. Amekuwa mtu wa maneno machungu, na uchungu huo anauona kuwa ni ukweli.

Viti hivyo vitupu vina historia yake. Kati ya mwaka 1881 na 1924 zaidi ya Wayahudi milioni mbili walihama kutoka Ulaya ya Mashariki kwenda Marekani, wakikimbia umaskini na mashambulizi dhidi ya mitaa yao, na umati mkubwa ulianzia maisha katika mtaa wa Lower East Side jijini New York, ambako masinagogi yalijengwa kwa michango ya washonaji na wachuuzi. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 ikafunga mlango. Watoto wa wahamiaji wakasoma, wakapata kazi nzuri, wakahamia Brooklyn, Bronx na vitongojini. Majengo hayakuhama nao. Sinagogi la Eldridge Street, lililofunguliwa mwaka 1887 kwa fahari kubwa, lilipungukiwa waumini hata ukumbi wake mkuu ukafungwa katika miaka ya 1950, na ukarabati wake haukukamilika hadi mwaka 2007. Kupungua huko si suala la sadaka peke yake, maana sheria ya Kiyahudi inataka watu wazima kumi, kwa desturi ya kale wanaume kumi, ndipo baadhi ya sala zisaliwe kwa jamaa, ikiwemo Kaddish ambayo wafiwa humsomea marehemu wao. Sisi tuliolelewa katika madhehebu ya Shafi, tuliofundishwa chuoni kwamba Ijumaa inataka watu arubaini, hatuhitaji kuelezwa sana hofu ya kiongozi anayehesabu vichwa msikitini mwake.

Kiini cha mchezo ni mazungumzo. Mara nyingi mchezaji hapewi sentensi ya kusema bali hupewa namna ya kujibu, na miongoni mwa namna hizo ipo ile inayoitwa jibu la kirabi, yaani kulijibu swali kwa swali. Kuna mzaha wa kale unaohusu jambo hilo: mtu anamwuliza rabi kwa nini marabi hujibu swali kwa swali, naye anajibu, "Na kwa nini wasijibu?" Mpwa wangu, aliyekuwa ameketi pembeni akila mihogo, hakuvumilia.

"Mjomba, mbona huyu sheikh wao hajibu anachoulizwa?"

"Kwani ameulizwa nini?"

"Aa, na wewe umeshaanza!"

Ucheshi huo umesimama juu ya jambo zito. Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo uliokamilishwa na Yuda Hanasi karibu na mwaka 200, haianzi kwa amri wala kwa sifa za Mungu. Sura yake ya kwanza inaanza kwa kuuliza ni tangu saa ngapi mtu asome Shema ya jioni, yaani tamko la kukiri kwamba Mungu ni mmoja, kisha majibu yanatofautiana papo hapo. Talmudi iliyojengwa juu yake inahifadhi hata kauli za walioshindwa katika mabishano, na wanafunzi hadi leo husoma wawili wawili, mmoja akimbana mwenzake kwa hoja. Katika mapokeo hayo swali si kukwepa jibu. Ni heshima, kwa kuwa unamwachia mwenzako kazi ya kufikiri. Lakini katika kinywa cha Stone swali limekuwa pia silaha na ngome. Humkinga asijibu yanayomhusu, na kwa muda mrefu mchezo unakuacha ulifurahie jibu la kirabi kabla hujatambua kwamba kila ulipolichagua ulikuwa unamsaidia kujificha. Hata mapambano ya mchezo hupiganwa kwa maswali; anayeishiwa swali ndiye anayeanguka. Sijaona mchezo mwingine wa upelelezi ulioifanya tabia ya dini kuwa kanuni ya uchezaji kwa usafi kiasi hicho.

Tuingie sasa katika ugomvi wenyewe. Lauder alitaka kumwoa Rajshree, mwanamke asiye Myahudi, na Stone akakataa. Katazo la ndoa za namna hiyo lina mizizi katika Kumbukumbu la Torati 7:3, na Talmudi inakwenda mbali zaidi kwa kusema kwamba ndoa ya namna hiyo, kisheria, haifungiki. Kwa hiyo kukataa kwake si ukatili wa kubuni. Rabi anayefuata mapokeo hana ruhusa ya kuifungisha ndoa hiyo, kama vile padre au kadhi alivyo na mipaka yake. Hapa Tanga vijana wa namna hiyo huenda bomani, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawaruhusu, na wazazi wa pande zote mbili huamua kama siku hiyo watakuwa na safari ya ghafla ya Korogwe. Nimehudhuria harusi moja kama hiyo. Chakula kilikuwa cha watu mia, waliokula hawakufika thelathini.

Kosa la Stone halimo katika kukataa, limo katika namna alivyokataa. Hapo ndipo nadhani mchezo una akili kuliko hadithi nyingi za aina yake. Walawi 19:16 inakataza mtu kusimama kando damu ya jirani yake inapomwagika, na aya inayofuata inaamuru kumkemea mwenzako anapokosea, ila usijitie dhambini kwa ajili yake. Marabi waliisoma sehemu hiyo ya mwisho kwa maana moja: mkemee, lakini usimwaibishe. Na katika Talmudi, kitabu cha Bava Metzia, imeandikwa kwamba anayemwaibisha mwenzake mbele ya watu ni kama aliyemwaga damu. Mmoja wa wanazuoni akathibitisha kwa kusema ameona wekundu ukiutoka uso wa aliyeaibishwa na weupe ukiingia. Katika usharika mdogo hakuna ugomvi wa siri. Rabi akimkataa muumini, kila mtu anajua, na muumini anajua kwamba kila mtu anajua.

Basi katika kesi hii damu zimemwagika mara mbili. Ya kwanza ni ile ambayo polisi Durkin anaitafutia mwenyewe, kwa daftari lake na maswali yake ya kipolisi. Ya pili haimo katika kitabu chochote cha jinai cha New York, lakini imo katika vitabu vilivyopangwa nyuma ya meza ya Stone, na aliyeimwaga ni yeye. Anapotembea mitaani kumsaka muuaji, anatekeleza amri ya kutosimama kando, na wakati huohuo anakimbia aya iliyo jirani nayo. Wanaosema kwamba mchezo huu ni hadithi ya kawaida iliyopambwa kwa kofia ya Kiyahudi nadhani waliyafuata maiti peke yake.

Kinachofanya hali hiyo iwe ngumu zaidi ni kwamba katika dini ya Kiyahudi rabi si kuhani wa kuungamiwa, na hana mamlaka ya kumwondolea mtu dhambi, sembuse kujiondolea yeye. Mishna, katika sura inayohusu Siku ya Upatanisho, inasema waziwazi kwamba siku hiyo hufuta makosa yaliyo kati ya mtu na Mungu, lakini makosa yaliyo kati ya mtu na mwenzake haiyafuti mpaka amridhishe mwenzake. Msomaji wa pwani amekwisha kuitambua kanuni hiyo, maana ndiyo haki za waja, ambazo tumesikia mimbarini tangu utotoni kwamba Mwenyezi Mungu hukusamehe yaliyo yake, ya mja utamalizana na mja. Je, mja akiwa ameshaingia kaburini?

Musa bin Maimun, mwanazuoni aliyezaliwa Cordoba karibu na mwaka 1138 na kufa Misri mwaka 1204, anayejulikana Ulaya kwa jina la Maimonides, alilijibu swali hilo katika sheria zake za toba. Mkosaji, asema, awakusanye watu kumi, aende nao kwenye kaburi la aliyemkosea, na mbele yao atamke kwamba amemkosea Mungu na amemkosea mtu huyu kwa kumtendea hili na hili. Na kama alikuwa na deni la mali, alirudishe kwa warithi. Lazima kosa litajwe. Lazima wawepo watu. Rabi Stone, ambaye hawezi kuwapata watu kumi wa kusali nao, angewapata wapi watu kumi wa kumpeleka makaburini? Nilipolitambua hilo niliviona upya vile viti vitupu vya mwanzo wa mchezo, na sijui kama Gilbert alikusudia viunganishwe hivyo, ila kwa mtu anayeijua sheria vimeunganika.

Kwetu ipo desturi inayokaribiana na hiyo. Baada ya sala ya maiti, kabla jeneza halijainuliwa, msemaji wa familia hutangaza kwamba anayemdai marehemu amwendee mwanawe fulani, na anayedaiwa na marehemu ajue kuwa deni halizikwi. Mara nyingi watu hutazama chini na shughuli ikaendelea. Katika msikiti mmoja wa Ngamiani, hata hivyo, niliwahi kumwona fundi baiskeli, mikono yake bado ina grisi iliyoshindikana kwa maji ya udhu, akimfuata mtoto wa marehemu pale panapovuliwa viatu. Akamwambia, "Mzee alibakiza elfu nane ya ringi. Nimemsamehe. Na wewe nisamehee maneno niliyomtolea juzi kwa sababu ya hiyo elfu nane." Kijana akashindwa kujibu, akamshika mkono tu. Elfu nane ilikuwa rahisi kutaja, lakini nilimwona yule fundi alivyomeza mate kabla hajafika kwenye maneno.

Kwa kuwa swali lilikuwa limeninasa, nilimpelekea maalim wa mtaani kwetu, bila kumwambia kwamba nimelitoa kwenye kompyuta.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, mwanangu. Hawajambo nyumbani?"

"Hawajambo. Maalim, mtu kamvunjia mwenzake heshima, na mwenzake kafa kabla hajamtaka radhi. Afanye nini?"

Alinitazama kwanza kama anayepima ni nani aliyekufa mtaani siku za karibuni. "Ikiwa ni mali, warithi wapo. Ikiwa ni ulimi, amwombee maghufira, na pale alipomsema kwa ubaya arudi amseme kwa wema, mbele ya watu walewale."

"Na hiyo itamtosha?"

"Kwani umenisikia nikisema itamtosha?"

Ningemwingiza kwenye mchezo huo bila kubadilisha neno.

Jina la mchezo linatokana na siku saba za msiba ambazo Wayahudi hukaa baada ya maziko. Hukaa wale wa karibu kabisa: baba, mama, mtoto wa kiume au wa kike, kaka, dada, mume au mke. Hukalia viti vya chini, vioo vya nyumba hufunikwa, nguo huchanwa kama alama ya jeraha, na mlo wa kwanza baada ya kutoka makaburini huletwa na majirani kwa sababu mfiwa hapaswi kula chakula chake mwenyewe. Anayefika kumpa pole hatakiwi kuanza kusema kabla mfiwa hajasema. Desturi hiyo huhusishwa na rafiki zake Ayubu, waliokaa naye chini siku saba mchana na usiku bila neno, kwa kuwa waliuona msiba wake kuwa mzito. (Walipofungua midomo ndipo walipoharibu, kama anavyojua kila aliyewahi kusikiliza utenzi wa mtume huyo.) Anayetoka kwenye matanga ya siku tatu ya kwetu, yenye turubai, sufuria za pilau na vijana wa mtaani wanaokesha kwa kahawa, ataona tofauti ya kelele, lakini shabaha ni ileile, kwamba mfiwa asiachwe peke yake.

Hapo linazuka swali la nani anayemkalia Jack Lauder. Kwa sheria kali ambayo Stone ndiye mlinzi wake, ndoa ya Lauder haikuwa ndoa, na kwa hiyo Rajshree, aliyeishi naye na kumpenda na sasa amefiwa, hana nafasi katika orodha ile ya wafiwa. Katika familia za zamani zilizoshika dini kwa ukali, walikuwapo wazazi waliomkalia msiba mtoto wao aliyeoa nje ya dini, yu hai, kama amekwisha kufa. Msiba unakaliwa kwa asiyekufa, na aliyefiwa kweli hahesabiwi. Mchezo hausomi somo kuhusu jambo hili. Unamweka tu rabi mbele ya mjane, na kukuachia wewe uchague atazungumzaje. Rajshree hana sababu hata moja ya kumpokea vizuri. Katika mazungumzo hayo nilijikuta naogopa kulichagua jibu la kirabi, kwa maana kumwuliza swali mwanamke huyo badala ya kumjibu kungekuwa ni kumwaibisha tena. Mpwa wangu alitaka nichague ukali ili "tuone itakuwaje". Tuligombana kidogo juu ya kipanya, na nikashinda kwa haki ya ujomba.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo mchezo umepita haraka juu ya jambo ambalo ungelichimba. Katika kutafuta dalili, rabi huingia katika barua pepe isiyo yake kwa kukisia nywila, na mchezaji hulipwa kwa ujanja huo kama ilivyo kawaida ya michezo ya upelelezi. Lakini mwanazuoni Gershom wa Mainz, aliyeishi kiasi cha miaka 1,000 iliyopita, ndiye anayepewa sifa ya marufuku mashuhuri katika jamii za Kiyahudi za Ulaya, iliyokataza mtu kusoma barua ya mwenzake bila ruhusa. Rabi yeyote anaijua. Bila shaka Stone angeweza kujitetea kwamba maisha yamo hatarini, na kuokoa uhai huruhusu karibu kila kilichokatazwa. Kwa nini basi asijitetee, angalau kwa nafsi yake? Swali moja tu la ndani, lenye kumtesa kidogo kabla hajabofya, lingeyafanya mafumbo hayo ya nywila, ambayo peke yake yanachosha, kuwa sehemu ya kesi ya dhamiri.

Vilevile kazi yenyewe ya upelelezi inagongana na mafundisho ya Mishna katika Pirkei Avot, yanayomtaka mtu amhukumu kila mwanadamu kwa upande wa wema. Sisi huiita husnudhani, na tunaisifu sana pale inapotuhusu. Mpelelezi wa noir huishi kwa dhana mbaya. Hiyo ndiyo riziki yake. Stone analazimika kumshuku kila anayekutana naye, akiwamo kiongozi mwenzake wa dini, Rabi Zelig, ambaye sinagogi lake halina shida ya fedha, na mchezaji hawezi kujua kama shaka hiyo imezaliwa na dalili au na wivu wa maskini kwa tajiri. Sitasema zaidi kuhusu Zelig wala kuhusu muuaji, kwa kuwa wapo watakaotaka kuutafuta mchezo wenyewe. Nitasema tu kwamba kuna miisho mitatu, kwamba inategemea Stone amefikia wapi na nafsi yake na si dalili alizokusanya tu, na kwamba mmoja wao ulinifanya nizime mashine nikatoka kukaa uani bila kuaga.

Baadhi ya wahusika ni wembamba mno. Durkin hakuandikwa kwa upendo. Ni polisi wa kila filamu. Majambazi nao ni majambazi. Mwandishi amewagawia maneno Stone na Rajshree, na waliobaki wamekula makombo. Kwa mchezo ulioanza kama kazi ya mwezi mmoja ya mtu mmoja, hilo nalisamehe, ingawa katika toleo la mwaka 2013 palikuwa na nafasi ya kulirekebisha.

Jambo ambalo mimi na mpwa wangu hatujakubaliana ni fedha za wasia. Mimi nashikilia kwamba Stone hana haki ya kuzitumia kuliokoa sinagogi lake, kwa kuwa Musa bin Maimun amesema mali ya uliyemkosea irudi kwa warithi wake, na mrithi wa Lauder, sheria ya Stone ikubali isikubali, ni Rajshree. Yeye anasema ninachanganya deni na zawadi: Stone hakumkopa Lauder chochote, marehemu alitoa kwa hiari akiwa na akili timamu, na kama haukuzidi theluthi, wasia hutekelezwa. Kumrudishia mjane fedha hizo, anasema, ni kumkataa Jack kwa mara ya pili. Nikamwuliza, na kama Jack alizitoa ili kumwaibisha rabi? Akaniuliza, na kama alizitoa kwa kumsamehe?